Baiskeli ya Mwinjilisti na Stashahada Yangu

Walisema sitafika Shinyanga. Siyo Dar es Salaam, Shinyanga tu, ambako siku hizo ndiko yalikokuwa makao ya mkoa wetu, kabla Bariadi haijapata mkoa wake na taa za barabarani. Mwenye duka aliyekuwa jirani yetu, mtu wa maneno mengi na sukari kidogo kwenye kipimo, alitangaza mbele ya wateja kwamba nikifika Shinyanga nitaliona gari moshi, nitaogopa, na nitarudi na lori lile lile lililonipeleka. Mwalimu wangu wa hesabu alisema ningeweza kuwa mtu mkubwa kama ukubwa ungepimwa kwa sahani. Shangazi, dada yake baba, ambaye alinipenda kuliko wote, alisema kwamba kijana aliyekimbizwa na bata mbele ya watu hana haraka ya kwenda mbali.

Hilo la bata ni kweli. Lakini alikuwa bata dume, na alinishtukiza.

Leo nina stashahada. Imo kwenye fremu sebuleni kwangu Somanda, hapa Bariadi, nimeitundika juu kidogo ya televisheni ili anayetazama taarifa ya habari asiikose. Mgeni akija namkalisha kwenye kiti kinachoitazama. Wapo watu mjini hapa wenye shahada, siwakatai, na wapo wenye shahada mbili. Lakini waulize kama kijiji kizima kiliwahi kusimama juani kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni ili kuamua wasome nini. Watakaa kimya. Mimi sikai kimya.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia kwenye pamba. Zamani chama cha msingi ndicho kilichonunua pamba yetu yote, kwa mizani moja iliyotupunja. Soko huria lilipokuja wakaja wanunuzi binafsi watatu, kila mmoja na mizani yake, nasi tukapata uhuru wa kuchagua wa kutupunja. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani, napalilia pamba kwa uso wa mtu aliyeonewa. Nilikuwa nimeomba nafasi katika chuo kimoja Dar es Salaam, nikaomba kozi zote zilizoandikwa kwenye tangazo, maana wino ulikuwa wa kwangu.

Barua ilipokuja ilisema nimekubaliwa mara mbili. Naweza kusoma Stashahada ya Usimamizi wa Biashara, au Stashahada ya Usimamizi wa Uhandisi. Niweke alama kwenye kisanduku kimoja, na fomu igongwe muhuri wa posta kabla ya mwisho wa mwezi. Barua yenyewe ilikuwa imesafiri bila haraka. Zilibaki siku tano.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye biashara, na sababu yangu ilikuwa nzito. Mmoja wa wale wanunuzi binafsi alikuwa na mkoba mweusi unaofungwa kwa namba. Alipoufungua ulilia *tak, tak*, na watu wote waliacha kuongea. Nilitaka kitu kinacholia hivyo. Usiku ule ule nikaweka alama ya penseli kwenye kisanduku cha biashara, nyepesi, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

Baba naye alisema biashara, tena kabla sijamaliza kusoma barua kwa sauti.

Yeye alikuwa na sababu kweli. Baba alijua uzito wa gunia la pamba kwa mgongo wake. Alilibeba kutoka ghalani hadi kwenye mkokoteni, akasema namba, na hakukosea. Lakini gunia lile lile likining'inizwa kwenye mizani ya mnunuzi, mshale ulichoka mapema. Kisha karani akatoa kilo za gunia. Kisha akatoa kilo za umande.

"Umande wa saa tisa mchana?" baba aliwahi kumuuliza.

"Umande wa jana, mzee," karani akamjibu bila kuinua kichwa.

Kila msimu ilikuwa hivyo, tangu sijazaliwa. Ndiyo maana siku ile ya barua baba alisema, "Nataka mtu wangu akae upande ule wa meza. Niingie na gunia langu, nimkute mwanangu ameshika kalamu. Nione kama na yeye atanikata."

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amekuja kunywa uji. Yeye alifanya kazi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, akipaka mashine grisi, na alinuka grisi hadi kanisani. Aliweka bakuli chini.

"Shemeji, unampoteza mtoto," alisema. "Karani akifa, kesho wanaweka mwingine. Mashine ikifa, mji mzima unasimama. Mtoto asome uhandisi."

"Uhandisi naujua," baba akasema. "Lakini hapa pameandikwa usimamizi wa uhandisi. Huo ndio nini?"

Mjomba aliichukua barua, akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi. "Nadhani ni fundi asiyeshika spana."

"Huyo tunaye tayari," baba akasema, akanitazama. "Amelala hapo tangu amalize shule."

Wakaanza kubishana. Na wale wawili wakianza kubishana huwezi kupata jibu ndani ya siku tano, maana walikuwa wa makundi tofauti ya ngoma. Kwa asiyejua mambo yetu Wasukuma: pamba ikishavunwa, makundi mawili ya ngoma hupewa uwanja mmoja, siku moja, saa moja, kila kundi upande wake. Kila mbinu ya kuvuta watu inaruhusiwa. Mmoja ataleta chatu, mwingine ataleta fisi aliyevishwa kofia, mwingine atakula ugali akiwa amesimama kwa kichwa. Hakuna mwamuzi. Watu wakihamia upande huu, upande ule umeshindwa, na utasikia habari hiyo hadi msimu ujao. Baba na mjomba walikuwa wamepambana hivyo miaka ishirini, na kila mmoja anasema anaongoza.

Shangazi alikuwa jikoni akiwasikia. Akatoka na mwiko mkononi.

"Yaya, hapana, nyamazeni," alisema. "Mnabishania nini kama watoto? Jumamosi wekeni ngoma. Wewe upande wa biashara, wewe upande wa huo ufundi wa kukaa. Watu watakakojaa, ndiko atakakoenda kusoma. Lakini sitaki makofi ya bure. Watakaojaa kwenye upande unaoshinda, kila mmoja amkopeshe mtoto kitu cha safari. Kukopesha, siyo kumpa. Na mimi ndiye nitakayekumbuka."

Shangazi hakujua kusoma, lakini alikumbuka kila kuku aliyewahi kutoka nyumbani kwetu, rangi yake na aliyemchukua. Hakuna aliyebisha.

Jumamosi uwanja wa mbele ya ghala la pamba ulijaa. Baba alikuwa ameweka meza yenye kitambaa cheupe, amevaa koti lake la harusi, na mbele yake kulikuwa na jogoo. Ili kuonyesha utamu wa biashara aliamua kumnadi jogoo yule. Naye alikuwa hodari! Alimsifia ukoo wake. Alisema jogoo yule anawika kwa Kiswahili. Watu walicheka, wakapandishiana bei, wakajaa upande wake hadi kitambaa cha meza kikakanyagwa. Mimi nilisimama karibu naye nikijiona tayari nina mkoba.

Upande wa pili mjomba alikuwa na baiskeli ya mwinjilisti. Alikuwa ameiazima kwa ahadi kwamba ataifungua yote na kuifunga tena kabla wanakwaya hawajamaliza wimbo wa beti sita. Mwinjilisti alikubali kwa sababu ya kwaya. Hakufikiria upande wa baiskeli.

Kwaya ikaanza. Mjomba akafungua kwa kasi ya ajabu. Ubeti wa pili ulipoisha baiskeli haikuwepo tena. Kulikuwa na fremu, magurudumu, mnyororo kama nyoka aliyekufa, na mchanga uliojaa golori, vile vyuma vya mviringo vinavyokaa kwenye ekseli. Ubeti wa sita ulipoisha bado alikuwa anatambaa akitafuta golori. Kwaya ikarudia wimbo kwa adabu. Ikarudia tena. Kisha ikaacha kuimba na kuanza kutoa ushauri.

Hapo ndipo niliposhuhudia jambo ambalo chuo baadaye kilihitaji muhula mzima kunifundisha. Jogoo aliuzwa. Aliyemnunua ni mwenye duka, na biashara ikawa imekwisha, watu hawana tena cha kutazama. Lakini kitu kilichoharibika hakiishi kutazamwa. Mmoja mmoja wakavuka uwanja. Mwanamume wa kwetu hawezi kupita penye baiskeli iliyofunguliwa bila kusema "siyo hivyo." Ilipofika saa nane walikuwa zaidi ya arobaini wameizunguka, kila mmoja ameshika kipande na anamwelekeza mwenzake. Wawili walikuwa wanalifunga gurudumu la nyuma mbele. Mwenye duka alikuwa ameketi juu ya pedali huku anaitafuta.

Mwinjilisti alikuwa na kikao cha wazee wa kanisa kijiji cha pili saa kumi. Alianza kunyoosha mikono kama anayetaka kuomba, lakini machoni alikuwa anataka kupiga mtu.

Sijui nini kilinipata. Nilivuka uwanja, nikageuza kinu kilichokuwa pale, nikapanda juu yake, nikapaza sauti.

"Tulieni wote! Kila mtu aweke chini alichoshika!"

Wakaweka. Nilishangaa kuliko wao, lakini sikuonyesha.

"Mjomba, wewe kaa na ekseli, usiinuke. Mwenye duka, nyanyuka, pedali iko chini yako. Ninyi wanne pepeteni mchanga kwa ungo, golori zote ziende kwenye kofia ya mwinjilisti. Wewe shika fremu, usiongee. Na wewe uliyesema siyo hivyo, njoo usimame hapa karibu nami, uwe unaniambia mimi peke yangu."

Sikushika spana hata mara moja. Nilielekeza tu, kwa kidole, nikiwa juu ya kinu, na wale watu arobaini ambao hawajawahi kukubaliana hata saa ya kwenda shambani walifanya kazi kama vidole vya mkono mmoja. Saa tisa na kitu baiskeli ilisimama. Nilitazama ndani ya kofia ya mwinjilisti, nikaona imebaki golori moja. Sikuona sababu ya kuharibu shangwe. Niliitia mfukoni.

Mwinjilisti alipanda, akaondoka huku gurudumu linalia *kri-kri-kri*, watu wakashangilia hadi akapotea.

"Haya," shangazi akapaza sauti, "mtoto yuko wapi, na watu wako wapi?"

Watu wote walikuwa upande wa uhandisi. Upande wa biashara alikuwepo baba peke yake na manyoya ya jogoo. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza, taratibu, akilinganisha pembe. Mjomba alifungua mdomo ili aseme la miaka ishirini, akamwona, akaufunga.

Nilimwendea. Nilitegemea maneno makali. Alimaliza kukunja kwanza.

"Wale watu nawajua tangu wanazaliwa," alisema. "Sijawahi kuwaona wakinyamaza."

"Baba, kama unataka nisome biashara, penseli iko pale pale kwenye fomu."

Akafikiri. Kisha akauliza, "Mizani. Mizani ni mashine, au si mashine?"

"Ni mashine, baba."

"Ina fundi?"

"Ina fundi."

"Na fundi wake ana mkubwa anayemwambia afanye nini?"

Nikasema lazima awe naye. Baba akavua koti lake la harusi, akalikung'uta, akanivisha yeye mwenyewe pale uwanjani. Mikono yake ilinipita hadi kwenye kucha.

"Mimi nimeshindwa, kwa hiyo silazimiki," alisema. "Nakukopesha kwa kutaka kwangu. Litarudi, na wewe ukiwa ndani yake. Futa hiyo penseli."

Nilifuta kwa tope la kiatu na mate, kwa sababu hapakuwa na kifutio, na kisanduku cha biashara kikabaki na doa jeusi ambalo nadhani chuoni walilichukulia kama msimamo.

Siku ya kuondoka wakopeshaji walikuja. Shangazi alileta mtamba wake mweusi mwenye tumbo jeupe, ng'ombe jike ambaye hajazaa, ambaye tulimuuza mnadani tukapata ada. Mjomba alinikopesha spana namba kumi na tatu. Mwenye duka alileta sanduku la bati, akasema, "Nakupa kwa sababu najua litarudi kabla halijapata vumbi." Na mwinjilisti alinikopesha golori moja, ingawa yeye hakuwa na habari hiyo.

Shinyanga nilifika. Gari moshi nililiona. Sikuogopa; lilipopiga honi nilisogea nyuma ya nguzo ili kulipisha, basi.

Chuoni nilikaa miaka mitatu na sikurudia mtihani hata mmoja, isipokuwa mmoja. Wenzetu wa biashara walikuwa na mikoba, kweli, lakini ilikuwa ya plastiki na haikulia *tak*. Siku mhadhiri wetu alipouliza darasani usimamizi wa uhandisi ni nini, wenzangu walisoma kutoka kwenye madaftari. Mimi nilisimama, nikasimulia baiskeli ya mwinjilisti tangu kwaya hadi *kri-kri*. Mhadhiri alicheka hadi akavua miwani, kisha akasema nimejibu. Sijui kama aliwahi kusema hivyo kwa mtu mwingine. Sidhani.

Nilirudi. Hilo nalisisitiza, maana wengi walioondoka miaka ile hawakurudi. Mnunuzi mmoja binafsi alikuwa amejenga jineri yake mpya upande wetu, akanipa kazi ya msimamizi wa mitambo, na kati ya mafundi niliowakuta alikuwemo mjomba.

"Nipake grisi wapi, bosi?" aliniuliza siku ya kwanza, mbele ya watu wote, uso mkavu.

"Mahali pa kawaida," nikamjibu kwa sauti ya mamlaka.

Mizani za vituo vya kununulia nazo zilihesabiwa kuwa mitambo. Wiki ya kwanza nilizishusha zote, nikazipima kwa mawe ya kupimia, nikazirekebisha moja baada ya nyingine. Karani wa kituo chetu, yule yule wa umande, ambaye sasa alikuwa chini ya kampuni yetu, alisimama pembeni kama mtu anayetazama jino lake likitolewa.

"Bosi, hiyo mizani imeshazoea," alisema.

"Imezoea nini?"

"Imezoea hivyo hivyo, bosi."

Nikaikaza mpaka ikazoea ukweli.

Ilinichukua misimu miwili ya mshahara kuwa tayari kurudisha nilivyokopeshwa. Kisha Jumamosi moja niliwaita wote pale pale mbele ya ghala la pamba, ambapo sasa ndipo palipokuwa kituo chetu cha kununulia. Nilifika nimevaa koti la baba, safari hii mikono ikinitosha. Shangazi aliketi kwenye kiti cha mbele na kuanza kuita wadeni, yaani mimi, kutoka kichwani.

"Sanduku la bati."

Mwenye duka alilipokea, akalizungusha, akapitisha kidole juu ya kifuniko. "Lina vumbi," alisema.

"Litazame vizuri," nikamwambia. "Ni la Dar es Salaam."

Watu walicheka hadi akacheka na yeye, na sukari ya siku ile alipima vizuri.

Spana ilirudi kwa mjomba. Aliinusa, akasema haijatumika. Nikamkumbusha nilisomea nini.

Kisha nikatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikatoa golori, nikamkabidhi mwinjilisti. Alikodoa macho. Miaka yote hiyo gurudumu lilikuwa linalia, na mafundi watatu walikuwa wamelishindwa. Nilitegemea nitashangiliwa, lakini umati ulinuna. Mzee mmoja alinivuta pembeni.

"Ng'wanone, mwanangu, umefanya nini? Ile *kri-kri* ndiyo inayotupa muda wa kuficha pombe!"

Mwinjilisti alilisikia hilo, kwa kuwa mzee alinong'ona kwa sauti ya shambani. Aliutazama umati mzima, mmoja baada ya mwingine, akaitia golori mfukoni, akatabasamu. Hadi leo hakuna anayejua kama aliifunga au hakuifunga.

"Mtamba mweusi, tumbo jeupe," shangazi akaita, na sauti yake ikabadilika kidogo.

Nilikuwa nimezunguka minada mitatu kumtafuta wa kufanana naye, nikamsogeza mbele. Shangazi alisimama, akamzunguka, akamtazama pembe, akambonyeza ubavu. "Wangu angekuwa amezaa mara mbili."

"Huyu ana mimba, shangazi."

"Ni mimba au ni nyasi?"

"Ni mimba. Nina cheti cha daktari wa mifugo."

"Vyeti unavipenda wewe," alisema, lakini mkono wake haukutoka shingoni mwa yule ng'ombe, na nilipotazama vizuri alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Alibaki baba. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye rundo la magunia. Nilivua koti, nikalikung'uta kama alivyolikung'uta yeye siku ile, nikamvisha. Vifungo vilikuwa vipya. Akavihesabu. Nilidhani tumemaliza, lakini yeye akaelekea kwenye mizani iliyokuwa inaning'inia mlangoni pa ghala, akavuta kitambaa cha kuwekea pamba, na kuketi ndani yake kama mtoto mgongoni.

"Nipimeni," alisema. "Nimepimwa jasho langu miaka yote. Leo nataka kujua na mimi mwenyewe ni kilo ngapi."

Wakamwinua. Miguu yake ikaacha ardhi. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatulia.

"Sitini na tatu," nikasoma.

Karani alikuwa tayari ameshika kalamu, na mkono una mazoea yake. "Toa mbili za gunia," alisema.

"Gunia gani?" nikamuuliza.

Karani akalionyesha lile koti kwa kalamu.

Baba alining'inia pale, anazunguka taratibu, na kila akizunguka akifika upande wangu aliniangalia.

"Andika sitini na tatu," nikasema.

"Na umande, bosi?" karani akaninong'oneza.

"Hakuna umande. Andika zote."

Akaandika. Wakamshusha baba, akanyoosha koti, akafunga vifungo vyote hadi cha juu, na kudai risiti.